Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Sion Hadi Zermatt, Mji Usioingiwa na Motokaa

Katika pembe ya kusini ya nchi ya Uswisi, mahali inapopakana na Italia, uko mji mdogo uitwao Zermatt. Wenyeji wake hawapati hata elfu sita, lakini kila mwaka wageni maelfu kwa maelfu huuendea. Wakati wa joto huja kupanda milima, na wakati wa baridi huja kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zifungwazo miguuni, mchezo uitwao ski. Juu ya mji husimama mlima wa Matterhorn, uliochongoka kama ncha ya mkuki, wenye meta 4,478, yaani futi 14,692. Mlima Kenya unaupita kwa zaidi ya futi elfu mbili. Wala mji wenyewe hauko juu sana, kwa kuwa una futi 5,270 hivi toka usawa wa bahari, na hivyo uko chini kidogo kuliko Nairobi. Tofauti ni kwamba Nairobi iko karibu na ikweta na Zermatt iko mbali nayo sana. Basi urefu ule ule ambao huku humfanya mtu atafute koti la jioni, kule hufunika mapaa ya nyumba kwa theluji miezi mingi.

Jambo linalomshangaza mgeni si mlima peke yake, bali ni namna ya kufika. Katika dunia hii ambamo kila kijiji hulilia barabara, watu wa Zermatt wamekataa motokaa zisiingie mjini mwao, nao wametajirika kwa kukataa huko. Wamelipia pia, kama itakavyoonekana hapa chini.

Msafiri apendaye kushuka karibu aweza kutumia kiwanja cha ndege cha Sion, mji mkuu wa jimbo la Valais. Kiwanja hiki kimelala katika sakafu ya bonde la mto Rhône, na milima imekizunguka pande zote mbili kama kuta za chumba kirefu, hata rubani hana budi kulifuata bonde anaposhuka. Kwa miaka mingi ndege za vita za Uswisi zilikuwa na kituo chao hapo, mpaka mwisho wa mwaka 2017. Ndege za abiria zenye ratiba ni chache, na zilizopo hufuata misimu. Nyingine ni ndogo za watu binafsi au za kukodiwa. Kwa sababu hiyo wageni walio wengi hushuka mbali, katika viwanja vikubwa vya Geneva na Zürich, wakasafiri kwa gari moshi muda wa saa tatu unusu au nne.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Gari moshi litokalo Geneva hupita Sion, kwa kuwa bonde ni moja na reli ni moja. Basi aliyeshuka Geneva huona kwa dirisha vilima viwili vya Sion, kimoja kikiwa na magofu ya ngome ya Tourbillon na kingine kikiwa na kanisa la kale la Valère, akapita zake. Na aliyeshuka Sion hupanda gari lilo hilo katika stesheni ya mji, baada ya kuletwa na basi kutoka kiwanjani mwendo wa dakika chache. Wote wawili wataketi pamoja, mmoja akiwa amechoka na mwingine akiwa bado na nguvu. Tangu hapo hakuna tena haraka ya mmoja kumpita mwingine.

Kutoka Sion mpaka Visp ni maili zisizofika 30, na njia ni tambarare. Mkulima atapenda kutazama nje. Upande wa kaskazini mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe ngazi juu ya ngazi, mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili kabla ya kukanyaga. Kwa Ulaya bonde hili ni kavu, maana milima huyazuia mawingu ya mvua pande zote, na kwa hiyo tangu zamani wakulima wake huteremsha maji ya barafu iyeyukayo kwa mifereji iliyochongwa katika majabali, nao hugawiana maji hayo kwa zamu zilizopangwa na kijiji. Mtu aliyewahi kuiona mifereji ya Wamarakwet huko Kerio hatahitaji kuelezwa zaidi. Matunda ya aprikoti nayo hustawi sana sehemu hizi.

Baada ya mji wa Sierre lugha hubadilika. Upande wa magharibi watu husema Kifaransa, na upande wa mashariki Kijerumani, wakiwa wote ni wa jimbo moja. Na mto ule ule ulioitwa Rhône asubuhi huitwa Rotten mchana. Hata majina ya stesheni hubadilika sauti. Serikali ya jimbo huendesha kazi zake kwa lugha zote mbili, na makarani wa ofisi zake bila shaka wanajua taabu iliyomo katika kuandika kila tangazo mara mbili.

Visp ndipo njia zinapokutana. Zamani mtu aliyetoka mji mkuu wa Bern, au Zürich, alilazimika kuzunguka kwa njia ya juu ya mlima mpaka Brig. Mwaka 2007 ulifunguliwa tundu la Lötschberg la chini, ambalo ni handaki la reli lenye maili 21 na nusu kupita ndani ya mlima, na mdomo wake wa kusini hutokea karibu na Visp. Tangu hapo Visp, mji ambao wasafiri wengi hawakuujua ila kwa jina, umekuwa mlango wa wageni wote. Watokao kaskazini na watokao magharibi hushuka hapo, na wote huhamia gari jembamba jekundu la kwenda Zermatt.

Kuhamia huko hakuna wasiwasi. Mwaka 1982 Waswisi waliweka mpango wa ratiba kwa nchi nzima, kwamba magari ya kila njia yapite kwa dakika zile zile za kila saa, na kwamba katika stesheni kubwa yakutane ili abiria wavuke kutoka gari hata gari bila kungoja sana. Si gari moja linaloharakishwa. Ni yote yanayofungwa pamoja kama meno ya saa. Msafiri mwenye sanduku na mbao zake za ski hushuka, huvuka, hupanda, na gari huondoka. Kwa hiyo tikiti moja yaweza kukatwa tangu Sion, au hata tangu Geneva, mpaka mwisho wa safari. Bei si ndogo. Uswisi hakuna kitu cha bei ndogo, na mgeni asiyelijua hilo kabla ya kutoka kwao atalijua pale dirishani pa tikiti.

Tangu Visp mpaka Zermatt reli ina maili 22 hivi, na gari hupanda toka futi 2,100 mpaka futi 5,260, muda wa saa moja na dakika chache. Watu bado huliita gari moshi kwa mazoea, ijapokuwa moshi wake ulikwisha mwaka 1929 reli ilipotiwa umeme. Mahali palipo pakali mno, magurudumu ya kawaida yangeteleza; kwa hiyo katikati ya reli mbili imelazwa reli ya tatu yenye meno, na chini ya gari liko gurudumu la meno linaloumana nayo, na hivyo gari hujivuta juu kama mtu apandaye ngazi. Penye ukali zaidi, njia huinuka futi moja kwa kila futi nane. Bonde ni jembamba sana. Baada ya Stalden mto Vispa, reli na barabara hugombania nafasi moja chini ya majabali, na kabla ya kufika hapo, juu upande wa kushoto, ukielekea mlimani, iko mizabibu ya Visperterminen, ambayo ni miongoni mwa mizabibu iliyo juu kuliko yote katika Ulaya.

Ili kufahamu kwa nini reli hii imekuwa na nguvu juu ya maisha ya watu, yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Katika karne ya kumi na tisa mgeni aliyefika Visp alikwenda kwa miguu au juu ya nyumbu mpaka St. Niklaus, kwa njia nyembamba ya mlimani, na kutoka hapo aliweza kupata gari la farasi. Ilikuwa kazi ya mchana kutwa. Wanaume wa bonde walipata fedha kwa kupagaza mizigo, kukodisha nyumbu, na kuwaongoza wageni milimani. Wageni wenyewe walikuwa wachache, na hoteli zilikuwa chache, mpaka tarehe 14 Julai mwaka 1865, Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walipokuwa watu wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn. Katika kushuka, kamba ilikatika na wanne kati yao wakaanguka wakafa. Habari za msiba huo zilienea Ulaya yote, na badala ya kuwafukuza watu, zikawavuta. Mambo ya wanadamu ndivyo yalivyo.

Reli ilianza kujengwa kwa ajili ya wageni hao, nayo ikafika Zermatt mwezi wa Julai mwaka 1891. Safari ya mchana kutwa ikawa safari ya saa chache. Wenye nyumbu walipoteza kazi njiani, lakini wengi wao waliipata tena juu, kwa kuwa wageni waliongezeka kuliko walivyopata kuwa. Miaka saba baadaye, yaani 1898, reli nyingine ya umeme na ya meno ilifunguliwa toka mji wenyewe kwenda mgongo wa mlima uitwao Gornergrat, penye futi 10,135, na hata leo huwachukua watelezao wengi.

Hata hivyo kwa miaka mingi reli ya bonde ilikuwa reli ya kiangazi tu. Theluji ilipoanza, gari lilisimamishwa, na Zermatt ukafungwa kama ghala baada ya mavuno. Watu walikaa na ng'ombe wao na nyasi zao kavu, wakila walichoweka akiba. Si kwamba hawakutaka wageni. Ni kwamba njia ilikuwa chini ya miteremko ambayo huporomosha theluji. Poromoko la theluji si sawa na theluji ianguayo toka mbinguni. Ile ianguayo ni laini kama pamba, lakini inapolundikana juu ya mteremko mkali, tabaka la juu laweza kukatika ghafula na kushuka kwa mwendo unaoipita motokaa, likivunja misitu na nyumba, na kisha husimama likawa gumu kama saruji. Mtu aliyefunikwa nalo hana dakika nyingi za kuishi.

Mambo yalianza kugeuka katika majira ya baridi ya mwaka 1927 na 1928. Mwenye hoteli mmoja mashuhuri, Hermann Seiler, alithubutu kuifungua hoteli wakati wa theluji, akaleta wageni kutoka Uingereza. Gari moshi liliwafikisha St. Niklaus tu, na toka hapo walipanda vigari visivyo na magurudumu vikokotwavyo na farasi juu ya theluji. Ilionekana wazi kwamba wageni wa majira ya baridi wapo, na kwamba watalipa. Kilichopungua ni njia. Basi zikajengwa kuta na mapaa imara juu ya reli mahali pa hatari, mfano wa handaki lililo wazi upande mmoja, ili theluji iporomokayo ipite juu na kutumbukia mtoni wakati gari linapita chini yake salama. Toka mwaka 1933 gari likaweza kufika Zermatt mwaka mzima. Mji wa ski unaojulikana leo ulizaliwa hapo, katika mapaa hayo ya mawe na saruji, kabla ya mashine yo yote ya kuwavuta watelezaji kwenda juu.

Barabara nayo ilikuja, lakini ilikuja nusu. Leo motokaa ya mtu ye yote yaweza kupanda bonde mpaka kijiji cha Täsch, maili tatu tu kabla ya Zermatt, na huko lazima isimame. Mbele ya Täsch barabara ipo, nyembamba, lakini haiendewi ila kwa ruhusa iliyoandikwa, nayo hupewa wenyeji, waleta bidhaa, teksi zenye kibali na wengine wachache. Hata hao huacha magari yao kwenye mpaka wa mji. Umma huacha motokaa katika banda kubwa lenye nafasi zaidi ya elfu mbili lililo juu ya stesheni ya Täsch, kisha hupanda gari dogo la reli liendalo na kurudi kila dakika 20. Mwendo wake ni dakika 12. Gari hilo lina nafasi ya vijigari vya mizigo, hata baba mwenye watoto watatu na jozi tano za mbao za ski hahitaji kuomba msaada wa mpagazi.

Ndani ya Zermatt mna vyombo vidogo vya umeme, vyenye umbo la sanduku, ambavyo vingine huundwa na mafundi wa mji wenyewe. Ni mabasi, teksi, na magari ya hoteli na ya wajenzi. Havina kelele, hivyo mgeni apitaye njiani akitazama mlima hushtukia kimoja kiko mgongoni pake. Motokaa za mafuta za zima moto na za wagonjwa huruhusiwa. Kwa mambo mengine watu hutembea, maana mji wote toka stesheni mpaka mwisho wake wa juu ni mwendo wa nusu saa.

Wenyeji walipoulizwa shauri lao juu ya barabara kamili, walio wengi walikataa, na sababu zao si za ushairi. Bonde halina mahali pa kuweka motokaa za wageni wote hao. Hewa ya milimani wakati wa baridi hukaa chini kama maji katika bakuli, na moshi wa mabomba ungekaa humo pia. Na juu ya yote, waliona kwamba wageni wanakuja kwa sababu mji haufanani na miji yao; wakiufanya ufanane, watakuja kutazama nini? Hayo ni mawazo ya watu wajuao biashara. Lakini yafaa kuwatazama pia watu wa chini. Motokaa zisizoingia Zermatt hazikuyeyuka hewani: hupita Stalden, hupita St. Niklaus, hupita Randa, na kusimama Täsch. Ukimya wa mji mmoja umebebwa na vijiji vinne. Täsch imepata fedha ya kuegesha magari, na nyumba za kulala wageni zenye bei nafuu. Lakini huko pia ndiko wanakokaa wengi wa wapishi, watandikaji wa vitanda na wajenzi, wengi wao Wareno, ambao hawaimudu kodi ya chumba cha Zermatt. Asubuhi kabla wageni hawajaamka, gari la dakika 12 limejaa watu hao.

Lakini jambo zito zaidi ni hili, kwamba mji mzima unategemea njia moja tu. Nyumba yenye mlango mmoja ina usalama wake na hatari yake. Tarehe 18 Aprili mwaka 1991, na tena tarehe 9 Mei mwaka huo huo, ubavu wa mlima ulio juu ya Randa ulibomoka. Mawe yaliyoanguka yalikadiriwa kuwa meta za ujazo milioni 30. Reli ilizikwa, barabara ilizikwa, na mto Vispa ulizibwa hata maji yakarudi nyuma na kuingia nyumba za chini za kijiji. Hakuna mtu aliyekufa, na yeyote aionaye leo ile chungu kubwa ya vumbi na majabali kando ya njia ataona kuwa ni ajabu. Ilibidi reli na barabara zilazwe upya mahali pengine, mbali na kifusi.

Watu wengi walisikia habari za Zermatt kwa njia ya namna hiyo tena mwezi wa Januari mwaka 2018. Theluji nyingi ilianguka kwa muda mfupi, na hatari ya maporomoko ikapandishwa mpaka daraja la juu kabisa. Reli na barabara zikafungwa. Wageni kama 13,000 walikuwa ndani, nao hawakuweza kutoka wala kuteleza, kwa kuwa miteremko nayo ilifungwa. Hali ya hewa ilipofunguka kidogo, helikopta zilianza kuwachukua wachache wachache mpaka Täsch, safari ya dakika chache tu angani, wale waliokuwa na haraka ya kurudi kazini. Waliobaki walikula vizuri, kwani hoteli huweka akiba. Kabla ya mwezi kwisha mji ukafungwa tena. Na si theluji tu. Mwezi wa Juni mwaka 2024 mvua kubwa pamoja na theluji iyeyukayo vilijaza Vispa hata ikafurika, na njia ikakatwa katikati ya majira ya joto. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 theluji nzito iliyokuja bila kutazamiwa ilikata reli, barabara na umeme kwa pamoja.

Mgeni akifungiwa siku mbili hupata hadithi ya kuwasimulia jirani zake. Kwa mwenyeji ni jambo jingine. Hospitali iko Visp. Mwanamke aliye karibu kujifungua, au mzee aliyeshikwa na moyo usiku wa tufani, hawezi kungoja wafanyakazi wa reli wamalize kuondoa theluji. Ndiyo sababu watu wa huko huiheshimu sana kampuni ya helikopta ya Air Zermatt, iliyoanzishwa mwaka 1968, ambayo mbali na kuwaokoa wapanda milima huwashusha wagonjwa bondeni. Lakini helikopta yahitaji macho ya rubani yaone. Katika ukungu mzito na theluji ivumayo nayo hukaa chini kama vyombo vingine.

Kwa hiyo shauri la kutafuta njia isiyofungika, kwa handaki jipya au kwa kuongeza mapaa juu ya reli, limekuwa likizungumzwa miaka mingi. Kila mpango huhitaji fedha nyingi sana, na kila mara swali ni lile lile, kama njia iliyo salama zaidi iwe ni reli peke yake, au iwe na barabara ndani yake. Wapo wanaoona kwamba mlango ukipanuliwa kwa ajili ya wagonjwa, motokaa nazo zitapenya nyuma yao. Wapo wasemao kwamba ukimya hauwezi kupimwa na uhai wa mtu.

Kwa msafiri wa Sion mambo ni mepesi zaidi, lakini nayo yanataka akili. Ndege yake imemwokolea saa mbili hivi, na zile maili 22 za mwisho hazitambui kama alishuka Sion au Geneva. Tajiri aweza kukodi helikopta moja kwa moja toka Sion na kuruka juu ya bonde lote, wakati anga limekubali. Mwingine yeyote atapita Visp. Wakati wa kwenda, kuchelewa si hasara kubwa. Wakati wa kurudi ndipo wengi huumia, kwa kuwa wamepanga kuondoka Zermatt asubuhi ile ile ya ndege, na anga la mwezi wa Januari halijasoma tikiti zao. Wazoefu hushuka bondeni siku moja kabla, wakalala Visp au Sion penyewe, ambako chumba ni rahisi kuliko huko juu na theluji ni nadra kuziba njia. Kabla ya kushuka huuliza stesheni kama gari la kwenda Täsch linapita. Karani aliye dirishani hana desturi ya kubembeleza. Husema linapita au halipiti, na anayeambiwa halipiti hurudi hotelini kuuliza kama chumba chake bado ki wazi.